Kina na Kishindo: Uhakiki wa Besi ya Sintesaiza katika Rekodi Nne za Dansi, 1977–1988

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna besi ya sintesaiza inavyoundwa ili iwe na kina na kishindo kwa wakati mmoja. Data yake ni rekodi nne: “I Feel Love” ya Donna Summer (1977), “Flash Light” ya Parliament (1977), “Acid Tracks” ya Phuture (1987) na “Just Want Another Chance” ya Reese (1988). Hoja kuu ni kwamba kina na kishindo ni sifa mbili zinazokinzana kwa sababu za kifizikia, na kwamba ubora wa besi unapimwa kwa namna mtunzi alivyousuluhisha ukinzani huo. Makala inadai pia kwamba uhakiki wa muziki kwa Kiswahili hauna budi kuihesabu sauti yenyewe kuwa sehemu ya fani, na kwamba lugha tuliyo nayo inatosha kuianza kazi hiyo.

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa muziki kwa Kiswahili umejengwa, kwa sehemu kubwa, juu ya maneno. Wimbo unapofika mezani pa mhakiki, kinachochambuliwa kwanza ni mashairi yake: dhamira, mafumbo, taswira, migogoro na ujumbe kwa jamii. Sauti zinazoyabeba maneno hayo hutajwa kwa sentensi moja au mbili, kisha huachwa. Utaratibu huo una sababu zake. Uhakiki wa nyimbo umelelewa zaidi katika idara za fasihi na isimu, na zana zilizomo humo ni zana za kusomea matini.

Hata hivyo, ipo mikondo ya muziki ambayo utaratibu huo hauwezi kuigusa. “Acid Tracks” ni rekodi yenye urefu wa zaidi ya dakika 10, nayo haina shairi la kuchambua. Mhakiki anayesubiri maneno atasubiri hadi santuri iishe. Ama aseme kwamba kazi hiyo haina la kuhakikiwa, ama akubali kwamba umbo la sauti, mpangilio wake na athari yake kwa msikilizaji ni fani kamili inayostahili hukumu. Makala hii inashika njia ya pili.

Besi imeteuliwa kwa sababu ndiyo sehemu ya muziki wa dansi inayosifiwa sana na kuelezwa kidogo. Prodyuza humwambia mwenzake kwamba anataka besi “nzito”. Msikilizaji husema besi “imepiga kifuani”. Kauli hizo ni za kweli, lakini hazijawa uhakiki. Ili ziwe uhakiki, inabidi tuonyeshe uzito huo umetoka wapi, umegharimu nini, na kama gharama yenyewe ilistahili kulipwa.

2.0 Dhana Mbili za Kuongozea Uchambuzi

Makala inatumia dhana mbili zilizotokana na Kiswahili cha kila siku. Ya kwanza ni kina. Neno hili tunalitumia kwa maji na visima: kitu chenye kina ni kitu ambacho mtu huchukua muda kukifikia chini. Ya pili ni kishindo. Hiki ni kile kinachosikika gunia linapotupwa sakafuni au mtu mzito anapotua mguu. Kishindo hakina urefu. Kinatokea na kwisha. Vitenzi vyetu vya ngoma navyo vinatofautisha mambo haya. Ngoma hurindima, na ngoma hudunda. Kurindima ni kuendelea. Kudunda ni kutokea mara moja. Hakuna mpigaji anayeyachanganya maneno haya mawili.

Tofauti hiyo ya lugha inaungwa mkono na fizikia. Noti ya E iliyo chini kabisa katika gitaa la besi la nyuzi nne ina masafa ya hezi 41.2. Maana yake ni kwamba wimbi moja la noti hiyo huchukua milisekunde 24 hivi kukamilika, na likiwa hewani lina urefu wa zaidi ya mita 8. Noti ya A iliyo juu yake, yenye hezi 55, huhitaji milisekunde 18 kwa wimbi moja. Sasa tuchukulie kwamba kishindo ni tukio linalokaa ndani ya milisekunde 10 za mwanzo wa noti. Katika muda huo, toni ya msingi ya E haijafika hata nusu ya mzunguko wake wa kwanza. Sikio haliwezi kusikia kina ndani ya muda huo, kwa sababu kina chenyewe hakijapata nafasi ya kutokea.

Hivyo basi, kishindo cha besi hakikai kwenye masafa ya chini. Kinakaa kwenye masafa ya kati na ya juu yanayolipuka mwanzoni mwa noti na kutoweka haraka, yakiacha nyuma toni nzito inayorindima. Kina kinadai muda, kishindo kinadai ufupi. Mtunzi anayesema anataka vyote viwili anadai vitu viwili vinavyogombea mlango mmoja.

Ukinzani huu unaongezewa ugumu na sikio lenyewe. Tafiti za Fletcher na Munson, zilizochapishwa mwaka 1933, zilionyesha kwamba sikio la binadamu halisikii masafa yote kwa usawa. Katika sauti ya wastani au ya chini, toni ya hezi 50 inahitaji nguvu zaidi kwa makumi ya desibeli ili isikike sawa na toni ya hezi 1,000. Besi, kwa hiyo, ni ghali: inakula nguvu nyingi ya mitambo ili isikike kidogo. Kila desibeli inayotumika kwenye kina ni desibeli iliyonyang’anywa kitu kingine katika rekodi.

Vilevile, sikio lina uwezo wa kukisia. Likisikia harmoniki za hezi 110, 165 na 220, hujumlisha na kuamini kwamba lipo pia wimbi la msingi la hezi 55, hata kama spika haikulitoa. Ndiyo sababu mtu anaweza kuitambua besi kupitia spika ndogo ya simu isiyoweza kabisa kutoa masafa hayo. Jambo hili litakuwa na umuhimu tutakapofika kwenye hukumu.

3.0 Uchambuzi wa Rekodi

3.1 “I Feel Love”: Mgawanyo wa Kazi

Rekodi hii ilitengenezwa Munich, Ujerumani, na Giorgio Moroder na Pete Bellotte, kwa kutumia sintesaiza kubwa ya Moog ya vipande vilivyounganishwa kwa nyaya, iliyoendeshwa kwa msaada wa fundi Robby Wedel. Mara nyingi rekodi hii hutajwa kuwa ndiyo iliyoonyesha kwamba mashine peke yake inaweza kubeba wimbo wa dansi. Usikilizaji wa karibu unaidhoofisha kauli hiyo mahali pamoja muhimu. Ngoma ya mguu inayosikika katika wimbo wote haikutoka kwenye Moog. Ilipigwa na mtu, Keith Forsey, kwa sababu mashine haikuweza kutoa dundo la kuridhisha.

Jambo hili halipaswi kusomwa kama dosari ya uzalishaji. Ni suluhisho la ukinzani tuliouona hapo juu. Besi ya Moog katika wimbo huu ni mfululizo wa noti fupi zinazofanana, zisizochoka wala kukawia. Noti hizo zimekatwa mapema mno kuweza kujenga kina kirefu, na mwanzo wake ni laini mno kuweza kutoa kishindo. Moroder aliigawa kazi: kishindo akakiweka kwenye mguu wa Forsey, mwendo akauweka kwenye mashine. Uzito tunaousikia umezaliwa pale viwili hivyo vinapokutana.

Aidha, besi hiyo imerudufiwa kwa mwangwi uliocheleweshwa: noti ya asili iko upande mmoja wa sterio, na nakala yake inafuata upande wa pili, katika nafasi iliyoachwa kati ya noti na noti. Mbinu hii inaongeza kasi inayosikika bila kuongeza noti. Hata hivyo, ina gharama. Msikilizaji aliyesimama karibu na spika moja katika ukumbi hupokea nusu tu ya mazungumzo, na mdundo anaousikia si ule unaosikiwa na aliyesimama upande wa pili. Kwa kigezo cha kina, hii si besi ya kiwango cha juu kati ya nne tunazozichambua. Kwa kigezo cha mpangilio, ni ya busara sana.

3.2 “Flash Light”: Kishindo Kinachotokana na Kimya

Parliament walitoa “Flash Light” katika albamu ya mwaka 1977, na mwaka 1978 ikafika nafasi ya kwanza katika chati ya muziki wa Weusi ya Billboard nchini Marekani. Besi yake haikupigwa kwa gitaa, ingawa kundi hilo lilisifika kwa gitaa la besi. Ilipigwa na Bernie Worrell kwa Minimoog, sintesaiza iliyoingia sokoni mwaka 1970 ikiwa na osileta tatu na kichujio kinachopunguza desibeli 24 kwa kila oktava inayozidi kikomo.

Kichujio hicho ndicho kiini cha suala. Osileta za Minimoog zinapoongezwa sauti kabla ya kuingia kwenye kichujio, hukilemea kidogo, nacho hujibu kwa kuzaa harmoniki ambazo hazikuwamo. Harmoniki hizo zinakuza unene wa toni. Kichujio kikifungwa na envelopu, yaani mwendo uliopangwa wa sauti tangu inapozaliwa hadi inapokufa, kila noti huanza ikiwa wazi na kung’aa, kisha hufumba mara moja na kuacha sehemu nzito peke yake. Kwa namna hii, noti moja hupewa nyuso mbili zinazofuatana: uso wa kishindo kwanza, uso wa kina baadaye. Ukinzani unatatuliwa kwa kupanga foleni.

Lakini mbinu hiyo inapatikana kwa yeyote mwenye Minimoog, na wengi walikuwa nayo. Kinachoipambanua “Flash Light” ni mkono wa Worrell katika kuzimaliza noti. Anaziteleza kutoka moja hadi nyingine pale zinapohitaji kuunganishwa, na anazikata ghafla pale zinapohitaji kuacha uwazi. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na hapa methali hiyo inaweza kuchukuliwa kama maelezo ya kiufundi. Sikio lililopewa kimya kifupi hupumzika, na noti inayofuata hulikuta likiwa halina kitu. Noti hiyo haihitaji kuwa na nguvu kubwa ili ionekane imepiga kwa nguvu. Mtunzi anayejaza kila nafasi hujinyima mwenyewe kishindo, hata angeongeza desibeli kiasi gani.

Kwa maoni yetu, katika rekodi nne tunazozichambua, hii ndiyo sauti moja iliyokamilika zaidi. Ina kina na kishindo ndani yake yenyewe, bila kuazima kimoja wapo kutoka kwenye ngoma.

3.3 “Acid Tracks”: Besi Iliyoacha Kuwa Besi

Kampuni ya Roland ya Japani ilitengeneza TB-303 kati ya mwaka 1981 na 1984, ikikusudia kumpa mwanamuziki asiye na mpiga gitaa la besi mbadala wa mashine. Haikufaulu sokoni. Ina osileta moja tu, yenye uchaguzi wa wimbi la umbo la meno ya msumeno au la mraba, na haikufanana na gitaa lililokusudiwa. Ilipouzwa kwa bei ya chini katika maduka ya vyombo vilivyotumika, iliwafikia vijana wa Chicago. DJ Pierre, Spanky na Herb J, waliojiita Phuture, waliigeuza vitufe vyake wakati ikiendelea kupiga, na tokeo lake ni “Acid Tracks”, iliyopigwa kwanza na DJ Ron Hardy katika klabu ya Music Box kabla ya kutolewa mwaka 1987.

Rezonansi ndiyo inayoitawala rekodi hii. Kichujio kikipandishiwa rezonansi, masafa yaliyo karibu na kikomo chake hupaa na kulia kama filimbi. Katika vichujio vya jamii hii, kupanda huko huambatana na kupungua kwa masafa ya chini. Kila mlio unaovutia sikio unalipwa kwa kina. Kitufe cha msisitizo nacho hakiongezi sauti peke yake: hufungua kichujio zaidi, na misisitizo inayofuatana kwa karibu hulimbikizana, kila mmoja ukipanda juu ya uliotangulia. Matokeo ni noti zinazochoma badala ya noti zinazotua.

Kwa hiyo tunakutana na kejeli: mashine iliyobeba jina la besi ilipata umaarufu ilipoacha kufanya kazi ya besi. Uzito wa chini katika “Acid Tracks” umeachiwa ngoma ya mguu. Tukiipima kwa kigezo cha kina, rekodi imeshindwa; lakini kuipima hivyo ni kuipima kwa kipimo kisicho chake. Funzo kwa mhakiki ni kwamba asiichukue nafasi ya sauti katika rekodi kutokana na jina la chombo. Aichukue kutokana na kazi inayofanyika.

3.4 “Just Want Another Chance”: Kina Kisicho na Haraka

Kevin Saunderson wa Detroit, akitumia jina la Reese, alitoa rekodi hii mwaka 1988. Besi yake ilikuja kujulikana kwa jina hilohilo la Reese na kuingia katika muziki wa jungle wa Uingereza, hususani kupitia “Terrorist” ya Renegade mwaka 1994. Chombo chake kilikuwa sintesaiza ya Casio ya mfululizo wa CZ, ambayo ni ya kidijitali. Jambo hili linapaswa kutajwa waziwazi, kwa kuwa ipo imani iliyoenea kwamba kina cha kweli hutoka kwenye mitambo ya analogi peke yake. Mojawapo ya besi zilizoigwa sana katika historia ya muziki huu inaikanusha imani hiyo.

Mbinu yenyewe ni kupishanisha sauti mbili zinazofanana. Tuchukue mfano: sauti moja iwe na hezi 55, ya pili hezi 55.5. Tofauti ya nusu hezi hufanya toni ya msingi ivimbe na kusinyaa mara moja katika kila sekunde mbili. Lakini tofauti hiyo inaongezeka kadiri tunavyopanda. Katika harmoniki ya kumi tunapata hezi 550 na 555, na mpishano wake ni mara tano kwa sekunde. Chini kunakwenda polepole, juu kunakwenda haraka, na sauti nzima inakuwa kama maji mazito yanayojigeuza ndani kwa ndani. Noti inaweza kushikwa kwa muda mrefu bila kuchosha, kwa sababu haijirudii mbele ya sikio.

Gharama ya uzuri huo imefichika. Mawimbi mawili ya msingi yanapofika mahali ambapo moja linapanda na lingine linashuka kwa kiwango sawa, yanafutana. Kwa muda huo, besi haina chini. Aliye kwenye ukumbi mkubwa huhisi sakafu ikimtoka miguuni kisha kurudi. Watunzi waliofuata walilitambua tatizo hili, na njia ambayo imekuwa kawaida ni kuyaondoa masafa ya chini kabisa kutoka kwenye sauti zilizopishanishwa, kisha kuweka mahali pake wimbi moja la sini lililotulia. Kishindo nacho karibu hakimo: mwanzo wa noti ni mlegevu, na kazi ya kudunda imeachwa kwa ngoma. Hii ni besi yenye kina kuliko zote nne, na pia ndiyo inayotegemea zaidi wenzake.

4.0 Mjadala

Rekodi nne zimetupa majibu manne. Moroder aligawa kazi kati ya mashine na mguu wa mtu. Worrell alipanga kishindo na kina vifuatane ndani ya noti moja. Phuture walikitoa kina sadaka. Saunderson alikiacha kishindo. Hakuna hata mmoja aliyepata vyote bila kulipa, na hapo ndipo hukumu ya kihakiki inapopata mahali pa kusimama. Swali la kuuliza besi yoyote ni: imelipa nini, na rekodi imefidiwaje?

Swali hilo lina matokeo ya moja kwa moja kwa anayeunda sauti. Ushauri unaosikika mara nyingi katika studio ni kuongeza: tabaka juu ya tabaka, osileta juu ya osileta, hadi besi iwe “nene”. Uchambuzi wetu unaelekeza kwingine. Hatua ya kwanza iwe kuamua nani anamiliki masafa ya chini kabisa, ngoma ya mguu au besi, kwa sababu viwili hivyo vikipiga kwa pamoja kwenye hezi 50 hutiana ukungu au hufutana. Uamuzi ukishafanyika, mwenzake ahamishwe: kwa kubadilisha noti, kwa kufupisha mkia wa ngoma, au kwa kuiteremsha besi kidogo kila ngoma inapolia na kuirudisha papo hapo.

Hatua ya pili iwe kuweka chini wimbi moja tu, la sini au linalolikaribia, katikati ya sterio, lisilopishanishwa na lolote. Osileta ianze kila noti kutoka mahali palepale pa wimbi; isipokuwa hivyo, noti moja itapiga na inayofuata italegea, bila mtunzi kujua kwa nini. Hatua ya tatu iwe kukiunda kishindo kwa makusudi mahali kinapokaa, yaani juu: wimbi la msumeno oktava moja juu ya msingi, kichujio chenye envelopu inayofunguka mara moja na kufumba ndani ya milisekunde 50 hadi 150, au toni inayoshuka haraka mwanzoni mwa noti. Hatua ya nne iwe distoshoni nyepesi inayozaa harmoniki, ili msikilizaji wa simu apate kukisia msingi asioweza kusikilizishwa. Hatua ya mwisho, ambayo ndiyo ya kwanza kusahauliwa, iwe kuamua noti inaishia wapi.

Hatua hizi zisichukuliwe kama kanuni. Ni muhtasari wa maamuzi ambayo rekodi nne zimetuonyesha kuwa yanawezekana. Reese ingepita katika hatua ya pili ingepoteza uhai wake, na “Acid Tracks” isingeanza kabisa.

Inaweza kudaiwa kwamba maelezo ya namna hii ni ufundi, wala si uhakiki; kwamba masafa na milisekunde ni mali ya mafundi mitambo. Dai hilo lina nguvu pale maelezo yanapoishia kwenye vipimo. Lakini mhakiki wa ushairi wa Kiswahili huhesabu mizani, hutazama vina na hupima urari wa mishororo, na hakuna anayemwita fundi seremala. Anahesabu ili aonyeshe jinsi umbo linavyobeba maana na mahali linapoelemewa. Hezi 55 na milisekunde 10 zinafanya kazi hiyohiyo katika makala hii. Zimetuwezesha kusema kwa nini besi ya Worrell inapiga na ile ya Saunderson inazamisha, jambo ambalo neno “nzito” peke yake lisingetuwezesha.

Pia kuna suala la haki. Sifa za muziki wa kielektroniki hupewa mashine mara kwa mara: Moog ilifanya hivi, 303 ilifanya vile. Uchambuzi umeonyesha, katika kila rekodi, uamuzi wa mtu. Forsey alikanyaga ngoma. Worrell alinyanyua kidole kabla noti haijamalizika. Vijana watatu wa Chicago walizungusha vitufe ambavyo vilikusudiwa kuwekwa mara moja na kuachwa. Kuyafuta maamuzi hayo na kuandika jina la chombo mahali pake ni kumnyima msanii kazi yake, na mhakiki asiyejua kusikiliza sauti hana namna ya kuyaona.

5.0 Hitimisho

Makala imedai kwamba kina na kishindo ni sifa mbili zinazokinzana, na kwamba besi ya sintesaiza inahakikiwa kwa kuangalia namna ukinzani huo ulivyosuluhishwa. Kwa kigezo hicho, “Flash Light” imepewa nafasi ya juu kama sauti inayojitegemea, “Just Want Another Chance” kama sauti yenye kina zaidi, “I Feel Love” kama mpangilio wa busara zaidi, na “Acid Tracks” kama onyo dhidi ya kuhukumu sauti kwa jina la chombo.

Kigezo hiki kinaweza kupimwa karibu na nyumbani. Singeli ya Dar es Salaam huenda kwa kasi ambayo mara nyingi huvuka mapigo 200 kwa dakika. Katika kasi ya mapigo 240, robo ya pigo ni milisekunde 62.5, muda ambao toni ya hezi 41 haifikishi hata mizunguko mitatu. Kina kirefu hakina mahali pa kukaa katika nafasi hiyo, na mtunzi analazimika kuchagua kati ya besi inayoshikwa juu ya mapigo mengi na dundo fupi lisilo na chini. Namna watunzi wa singeli wanavyochagua, na kwa nini, ni swali la utafiti ambalo haliwezi kujibiwa kwa kusoma mashairi peke yake. Linahitaji mhakiki aketi mbele ya spika, asikilize noti inaanzaje na inaishaje, kisha aandike alichokisikia kwa maneno ambayo mpiga ngoma na mtahini watayaelewa kwa pamoja.